Mayai Yaliyochoka Kungoja Mpakani

Sehemu ya sita

Wiki jana tulimwacha afisa wa forodha Levison Jere amesimama nyuma ya lori, mkasi wa chuma mkononi, lakiri iliyokatwa iko miguuni pake. Mlango ulifunguka kiasi cha kupitisha mkono. Ndani, gizani, kitu kikalia.

Wengine wenu mmeniletea ujumbe kwamba ni mtoto mchanga aliyefichwa. Msomaji mmoja wa Tanga ameapa kuwa ni jini. Poleni. Mnasoma hadithi nyingi mno.

"Piyo," kilisema kitu kile.

Kikajibiwa. Piyo, piyo. Halafu lori zima likaitikia kwa pamoja, kama darasa la kwanza mwalimu akiingia.

Mwelwa Kapambwe alifumba macho.

Kwa wewe uliyeanza kusoma leo: Mwelwa ni wakala wa forodha hapa Kasenshi, mpakani pa Zambia na Kongo. Mbemba wa kuzaliwa, mdomo anao na akili anazo. Lori hili aliliandikisha kwa jina la mayai, na yalikuwa mayai kweli, ila yalikwisha kulala kwenye mashine ya kutotoa ya mama mkwe wake mpaka yakakaribia kupasuka. Kuvusha vifaranga kunataka kibali cha Lusaka, na kibali cha Lusaka kinataka umri wa mtu. Mayai yanapita kwa Njia Rahisi.

Njia Rahisi ni utaratibu mpya wa kuwapunguzia wafanyabiashara wa mipakani adha. Karatasi moja, dirisha moja, muhuri mmoja. Mpango wa Mwelwa ulikuwa mayai yavuke asubuhi yakiwa mayai, yatotolewe ng'ambo, ambako mumewe Kasonde alikwisha kuwasha taa za banda.

Ulikuwa mpango mzuri. Ulikosa kitu kimoja tu, Njia Rahisi yenyewe iwe rahisi.

Zamani Kasenshi palikuwa na madirisha mengi na foleni fupi fupi. Sasa pana dirisha moja, na foleni zote zimehamia hapo. Mfumo wa kompyuta ulilala, ukaamshwa, ukalala tena. Joto la Oktoba likapanda. Mayai yakangoja kadiri mayai yanavyoweza kungoja.

Jere aliingiza kichwa ndani ya lori. Alipokitoa, kifaranga kimoja kilikuwa kimemkalia begani, juu ya nembo ya cheo chake.

"Mla nyani wewe!" alisema. "Nilijua Wabemba mnaiba. Sikujua mmeanza kuiba mpaka kazi ya kuku."

"Mla panya, shusha sauti. Foleni nzima inasikia."

Jere ni Mngoni, ndugu wa Wangoni wale wale wa Songea. Wangoni na Wabemba wa huku ni watani tangu babu zao walipochoka kuuana. Mtani anakutukana asubuhi na jioni, nawe hukasiriki. Ukikasirika umeshindwa.

"Umeandika mayai," alisema Jere.

"Yalikuwa mayai."

"Na sasa?"

"Sasa yamekua. Dereva wangu aliingia kwenye foleni hii amenyoa. Hebu mtazame ndevu."

Jere alimtazama dereva, Bashi Mutale, akacheka mpaka akaegemea tairi. Mwelwa naye akaanza kupumua. Mtu anayecheka hivyo hawezi kukuumiza, alijiambia.

Kisha Jere akakumbuka jambo. Kicheko kikamkauka mdomoni, akakitoa kifaranga begani na kukirudisha ndani.

"Leo anakuja mkurugenzi," alisema. "Mkurugenzi wa Njia Rahisi mwenyewe, kutoka Lusaka, na wageni, na kamera. Wanakuja kuona mizigo inavyopita bila kikwazo. Njoo ofisini upesi."

Walikwenda kwenye lile dirisha moja. Jere akapita kwa ndani, akaketi mbele ya kompyuta, akagongagonga.

"Futa mayai, andika vifaranga," Mwelwa alimwambia kupitia kioo. "Kuna ugumu gani?"

"Kuandika vifaranga, lazima kwanza nifute mzigo wa mayai."

"Ufute."

"Kuufuta, mfumo unataka mzigo urudi ulikotoka, katika hali ile ile iliyoandikishwa."

"Maana yake nini?"

Jere alisoma tena kioo cha kompyuta, midomo ikicheza.

"Uvirudishe kwenye maganda."

Mwelwa alimkagua usoni akitafuta utani. Hapakuwa na utani. Mtu alikuwa anasoma tu kilichoandikwa, na kilichoandikwa kiliandikwa na watu wenye shahada.

"Na nikishindwa kuvirudisha?"

"Mzigo usiolingana na karatasi yake unachomwa." Jere alionyesha kwa kidevu nyuma ya ghala, ambako bomba la tanuri lilikuwa limesimama. "Leo hii, kabla ya geti kufungwa. Na wakala aliyeuandikisha anarudisha leseni."

"Mtani."

"Si mimi, mtani. Ni mfumo."

"Lakini aliyevichelewesha ni huo huo mfumo!"

"Hapo kwenye kioo pana mahali pa kuandikia malalamiko," alisema Jere. Alikuwa amepoa kabisa. "Ila leo hapafunguki."

Mwelwa alirudi kwenye lori. Leseni ile aliihangaikia tangu enzi za karatasi za kaboni, akiwa msichana wa kutumwa chai na mawakala wanaume. Hilo lilimuuma. Lakini lililomtetemesha lilikuwa limekaa ndani ya lori, kiti cha abiria, likila vitumbua kutoka kwenye mfuko.

BanaKasonde. Mama yake Kasonde, mama mkwe.

Kikongwe huyu ndiye mwenye mashine, mwenye kuku, mwenye mayai. Tangu harusi hajawahi kumwita Mwelwa kwa jina lake. Humwita "binti wa makaratasi." Alitoa mayai yake yote kwa sababu mkwe aliapa mbele ya Kasonde kwamba siku hizi mpaka ni kama mlango wa jikoni, unasukuma tu. Na bado hakuamini, ndiyo maana alipanda lori ayasindikize mwenyewe. Vifaranga vikichomwa, ndoa ya Mwelwa itabaki na majivu ya kuongelea mpaka uzeeni.

Simu ikalia. Ni Kasonde.

"Mke wangu, niko geti la Wakongo. Nimevaa kofia nyeupe mnione kwa mbali. Taa zinawaka, maji nimeweka. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakula."

"Akila ujue mambo mazuri. Haya, nawangoja."

Mwelwa hakuwa na moyo wa kumwambia. Akafungua mlango wa lori, akamweleza mama mkwe yote kwa mkupuo, macho yakiwa kwenye mfuko wa vitumbua. Maganda, tanuri, leseni. Kisha akasubiri neno "nilikwambia."

BanaKasonde alimeza. Akajifuta vidole kwenye kitenge, akashuka polepole, akazunguka nyuma, akapanda ndani ya lori. Kelele za vifaranga zikaongezeka. Alipotokea, alikuwa na kifaranga kimoja kiganjani, shingo imelala.

"Hiki kimekufa na joto," alisema.

"Nisamehe, mama."

"Nyamaza. Na wewe jifunge kitambaa kichwani."

Akaufungua upande wa kitenge, akajifunika kichwa. Akaketi katikati ya lami, miguu ameinyoosha mbele kama wanavyoketi waliofiwa, kifaranga mapajani. Akavuta pumzi na kuachia kilio ambacho Kasenshi haijapata kukisikia tangu mpaka uchorwe.

"Mayo! Mayo mwe! Nimebaki na nani mimi!"

Kwa Wabemba ukisikia kilio huulizi. Unaacha ulichoshika unakwenda. Wauza vitunguu waliokuwa wamelala chini ya matela yao wakaamka, wakajifunga vitenge viunoni, wakaja mbio. Madereva wakavua kofia. Mmoja akavunja matawi mabichi ya mti na kuyachomeka mbele ya lori, kama inavyofanywa gari la msiba, na Bashi Mutale, kwa mazoea, akawasha taa mchana kweupe. Kufumba na kufumbua wanawake wakaanza kuimba, sauti ya kwanza na ya pili. Hakuna aliyejua marehemu ni nani.

Jere akatoka ofisini anakimbia.

"Mama, nyamaza! Mkurugenzi yuko njiani!"

BanaKasonde akanyamaza. Akainua uso.

"Mngoni yuko wapi?" aliuliza kwa sauti ya kufika Kongo. "Kwa Wabemba kuna msiba, watani hawaonekani? Nani atanichimbia? Nani atanipikia? Au Wangoni wamekwisha wote, wamebaki wa kugonga mihuri?"

Watu wote wakageuka. Kifuani pa Jere palikuwa na kibao cha jina, herufi kubwa, na Jere ni jina la Kingoni halina pa kujificha.

Mtani ndiye anayezika, wasomaji wangu. Ndiye anayechota maji, anayepika, anayewachekesha wafiwa mpaka wasahau kidogo. Msibani anachukua anachotaka na hakuna wa kumuuliza. Ila hawezi kukataa. Mtani akiitwa msibani akageuza mgongo, wanasema msiba ule utamfuata nyumbani kwake. Jere ana watoto wadogo.

Akamtazama yule kikongwe. Akatazama barabara ya Lusaka. Akainama.

"Mama, ni kifaranga," alinong'ona.

"Kwani kifaranga hakina mama?"

Jere akavua kofia yake ya forodha, akakipokea kifaranga, akakilaza ndani. Alikusudia kukizika haraka haraka na kurudi kwenye kazi. Lakini damu ni nzito. Watu walikuwa wamemzunguka, nyimbo zimepamba moto, na babu yake mzaa baba alikuwa fundi wa mambo haya wilaya nzima. Miguu ikaanza yenyewe.

"Ewe marehemu!" alipaza sauti akizungukazunguka. "Ulitoboa ganda, ukachungulia nje, ukaona ni Wabemba! Ukasema, heri nirudi nilikotoka!"

Watu wakaangua kicheko.

"Umefanya vyema! Ungebaki wangekufundisha kula nyani!"

"Mzikeni upesi!" BanaKasonde alijibu, machozi yakimtiririka. "Mzikeni kabla Mngoni hajamla! Kwake kila chenye miguu midogo ni panya!"

Wauza vitunguu walishikana mabega wasianguke. Mwelwa alijikuta naye anacheka, na katikati ya kicheko akaelewa. Mama mkwe hakuwa amechanganyikiwa. Aliyekuzikia mfu wako hawezi tena kukuchomea walio hai. Jere akimaliza kukifukia kile kimoja, tanuri halitamkubalia mkono kwa vilivyobaki. Binti wa makaratasi alikuwa amesoma sheria zote za forodha na hakuwahi kuwaza hivyo.

Jere naye alielewa, ila amechelewa. Alimsogelea Mwelwa, kofia kifuani.

"Mama mkwe wako mchawi," alimnong'oneza.

"Mwambie mwenyewe."

Kabla hajamwambia, magari meupe yakapiga honi.

Milango ikafunguliwa. Akashuka Daktari Inonge Mubiana, mkurugenzi wa Njia Rahisi, mwanamke mrefu wa Kilozi, miwani ya jua, skafu ya hariri begani. Nyuma yake wageni wenye vitambulisho shingoni na mpiga picha aliyekwisha kuwasha kamera.

Mkurugenzi aliona lori lenye matawi, taa zinawaka. Aliona umati, wanawake wenye vitambaa vichwani, kikongwe ameketi kwenye lami. Akamwona afisa wake kichwa wazi, ameikumbatia kofia yake.

Nyimbo zikafifia.

"Afisa Jere," alisema. "Nani amekufa?"

Jere alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale kwenye kofia. Aseme kifaranga, akaeleze kwa nini afisa wa serikali anamchezea ngoma kuku, mzigo umekamatwa na foleni imefika kijijini, mbele ya kamera. Hapo kazi imekwenda. Akamtazama Mwelwa, akamtazama kikongwe, akatafuta kichwani jina lolote la binadamu.

"Kasonde," alisema.

"Kasonde nani?"

"Mume wa huyu. Mtoto wa yule mama pale."

Mwelwa alihisi lami inalainika chini ya viatu. Na wakati ule ule simu ikatetemeka kiunoni mwake, ndani ya mkunjo wa kitenge. Hakuhitaji kutazama. Marehemu alikuwa anapiga.

Akaibana kwa kiwiko. Ikatetemeka mpaka ikachoka.

BanaKasonde alikuwa ameganda. Hakuna mama wa Kibemba anayelikopesha jina la mwanawe kwa kifo, hata kwa utani, hata kwa dakika moja. Mwelwa alimwona anamtazama Jere, akaogopa kwamba sasa Mngoni atazikwa kweli. Kisha macho ya kikongwe yakahama, yakaenda kwenye mlango wa lori, yakakaa pale.

"Mwanangu!" alilia. "Mwanangu Kasonde, nisamehe!"

Kilio hiki hakikuwa na mchezo ndani yake. Mwelwa kilimpasua, akapiga magoti na kulia naye, na ukimuuliza hata leo hajui alikuwa akimlilia nani.

Mkurugenzi alivua miwani. Katika kimya kilichofuata, lori likasema piyo.

"Hicho ni nini?"

"Kuku wa matanga, mheshimiwa," alidaka Jere. "Wa kuwalisha waombolezaji."

"Mbona sauti ndogo hivyo?"

"Msiba umekuja ghafla."

Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo zito. Mgeni mmoja akaandika kitu.

"Mnakwenda kuzika ng'ambo?"

"Ng'ambo," alisema Jere.

"Sasa mnangoja nini hapa juani?"

"Ni... karatasi, mheshimiwa. Mfumo..."

"Karatasi gani?" Sauti ya Daktari Inonge ilipanda. "Mfu anadaiwa karatasi? Tangu lini msiba ukasimamishwa getini? Makaburi ya watu hawa yako pande zote mbili, kabla hata hatujachora mpaka! Fungua geti, Jere. Sasa hivi."

Akawageukia wageni na kamera, akalainisha uso.

"Mnaona? Bila kikwazo. Hii ndiyo Njia Rahisi."

Basi ndivyo ilivyo Kasenshi. Ukitaka kupita upesi, kufa kwanza. Mwelwa katika kazi yake yote hajawahi kuona mzigo unatolewa hivyo, hakuna dirisha wala muhuri, hakuna hata aliyeuliza uzito. Geti likaanza kupanda. Bashi Mutale akawasha injini.

Wanawake wakapanda nyuma, wakaketi katikati ya vifaranga na kuanza wimbo mpya, mrefu, wa kuzima sauti ndogo ndogo. BanaKasonde alimshika Mwelwa mkono, akamvuta karibu mpaka Mwelwa akasikia harufu ya vitumbua.

"Nisikilize, binti wa makaratasi. Hivi vikifika hai, nitakuita mwanangu mbele za watu."

"Ndiyo, mama."

"Na mwanangu Kasonde akipata hata mafua mwezi huu, nitakuzika wewe. Na Mngoni wako atachimba."

"Ndiyo, mama."

Lori likasogea. Matawi ya mbele yalikwisha kupita chini ya geti. Mwelwa akatembea ubavuni, mkono kwenye bati, na bati lile lilikuwa linatetemeka kwa uhai uliomo ndani. Alijiruhusu kutabasamu chini ya kitambaa.

"Simameni!"

Ni mkurugenzi. Lori likafunga breki. Wimbo ukakatika, na piyo zikamwagika nje kama mchele uliopasukiwa gunia.

Daktari Inonge alikuja kwa hatua ndefu. Mwelwa akajua kwisha. Jere, nyuma yake, alikuwa amerudisha kofia kichwani kabla ya kukumbuka kifaranga kilichomo ndani, sasa alisimama wima mno, hageuzi shingo.

Mkurugenzi akaitoa ile skafu ya hariri begani. Akaifunga kichwani.

"Mimi pia ni mama," alisema. "Siwezi kumwona mjane na mkwewe wanakwenda peke yao. Nitawasindikiza mpaka kaburini. Wageni wetu nao watatembea. Mpiga picha, njoo huku mbele."

"Mheshimiwa, ni mbali," alisema Jere.

"Na wewe utakuja, Jere. Wewe si mtani?"

Wakatembea. Mbele mkurugenzi na wageni vichwa chini, nyuma yao lori linanguruma taratibu, ubavuni Mwelwa, BanaKasonde na Jere. Kati ya geti letu na geti la Wakongo pana kipande cha barabara kisicho cha mtu, vumbi jekundu na vibanda vya kubadilisha fedha. Watu wa vibandani walisimama kwa heshima. Kifo kinapita.

Mwelwa aliinua macho. Kule mbele, chini ya bendera ya Wakongo, palikuwa na kofia nyeupe.

Akatoa simu, akapiga. Kofia nyeupe haikupokea. Akanyoosha mkono pembeni ya lori, akapunga, ondoka, ondoka, jifiche! Kasonde aliona mke wake anampungia, akafurahi. Akapunga kwa mikono miwili.

Halafu akaona matawi. Akaona kitambaa kichwani pa mama yake.

Akaanza kukimbia.

"Jere," alisema Mwelwa bila kufungua meno. "Fanya kitu."

"Nimeshafanya," alijibu Jere. "Ndiyo maana tuko hapa."

"Mama!" Kasonde alipita katikati ya wageni, akawapiga vikumbo, akasimama mbele ya BanaKasonde anahema. "Mama! Nani amekufa?"

Wimbo ndani ya lori ulisimama. Vifaranga, ambavyo havikuwa vimenyamaza tangu lori lifunguliwe, navyo vilinyamaza.

Mkono wa mkurugenzi ukatua juu ya bega la Kasonde, mpole sana.

"Pole, mwanangu. Kumbe hukuambiwa." Akawageukia wafiwa. "Huyu ni nani wake marehemu?"

Midomo mitatu ikafunguka pamoja.

"Mdogo wake," alisema Jere.

"Pacha wake, Mpundu," alisema BanaKasonde.

"Mume wangu," alisema Mwelwa.

Kamera ilikuwa inawaka. Mkurugenzi alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamtazama wa tatu. Na Kasonde, ambaye mama yake alimlea kwa adabu, akavua kofia nyeupe, akamnyooshea mkurugenzi mkono, akafungua mdomo kujitambulisha.